Bi. Somoe wa Shazia na Sharti la Baba Yake

Ndugu Somoe binti Hassani Nampota, ambaye sote hapa tunamwita Bi. Somoe, ametumikia ghala letu la korosho la Mtwara kwa miaka ishirini na mitano. Aliandikwa kazi Julai 1958 na amestaafu rasmi tarehe 31 Desemba 1983. Katika miaka hiyo ubao wa mlangoni umebadilishwa mara kadhaa, kila mara jina jipya na rangi mpya, lakini mtu aliyekuwa ndani akishona midomo ya magunia alikuwa yule yule.

Sherehe ya kumuaga ilikuwa ifanyike siku hiyo hiyo ya kufunga mwaka. Inafanyika leo, Jumamosi tarehe 4 Februari 1984, kwa sababu siku ile Bi. Somoe alikuwa ndani, anakaa eda. Najua kuna wageni watakaoshangaa kusoma neno hilo, kwa kuwa wamemjua miaka yote kama mwanamke asiye na mume. Ndiyo maana tawi la chama cha wafanyakazi liliponiomba niandike, mimi niliyekaa naye benchi moja, nilikwenda kwanza nyumbani kwake kumwuliza niandike nini na niache nini. Akasema, "Andika yote, mwanangu. Ukiandika nusu, nusu iliyobaki watu wataitunga wenyewe."

Basi naandika yote.

Bi. Somoe alizaliwa mashambani, nje kidogo ya Msimbati, mwaka asioujua vizuri. Karatasi za kazi zinasema 1928 na yeye hana ugomvi nazo. Baba yake, Mzee Hassani Nampota, alikuwa mtu wa Newala aliyekuja kuoa Msimbati, na kama ilivyo desturi yetu aliingia kwa wakwe, akajenga kwa wakwe, akalima mihogo na mikorosho kwenye ardhi ya wakwe. Watoto nao walikuwa wa ukoo wa mama. Mwenye kauli juu yao alikuwa mjomba wao, Mzee Abdallah. Mzee Nampota alijua hivyo siku anaingia na hakuwahi kulalamika.

Kilichomuuma ni mambo ya binti yake mkubwa, Halima. Wakati wa mradi ule wa karanga, walipokuwa wanajenga bandari na reli, mji huu ulijaa wanaume wa kila pembe. Mmoja wao, fundi wa kuchomelea vyuma, alimposa Halima, na Mzee Abdallah akamwoza. Karanga zilipokataa kuota, kazi zikaisha. Yule fundi akasema anakwenda kuangalia kazi kwingine na ataleta habari. Halima akawa anafagia uwanja kila asubuhi, vizuri, mpaka njiani, kama mtu mwenye mgeni leo. Alifagia hivyo miaka miwili huku mtoto yuko mgongoni. Halafu akaacha.

Mzee Nampota alipolala kitanda cha mwisho, mwaka 1956, alimwita Somoe, na alimwita mdogo wake mwenyewe, Salumu, awe shahidi. Alisema, "Somoe, mjomba wako atakuoza kwa atakayempenda, na mimi kumzuia siwezi. Kwa hiyo nakuomba wewe. Usikubali mume mpaka apande mkorosho kwa mkono wake, na wewe ule korosho ya mti huo. Mkorosho una miaka yake. Mtu wa kuondoka hatangoja."

Ndivyo alivyosema. Wiki hiyo hiyo akazikwa.

Mzee Abdallah alipopata habari alicheka. "Baba yako alikuja hapa na jembe na mkeka," alimwambia. "Tangu lini mkwe akaacha sharti kwenye nyumba ya watu?"

Bi. Somoe akamjibu, "Hakukuachia wewe, mjomba. Aliniomba mimi."

Ili asije akaolewa bila kupenda, alishika njia akaja mjini kutafuta kazi. Alipanga chumba cha uani, na chumba hicho ndicho anachokaa mpaka leo. Jioni akitoka kazini alikuwa anatembea mpaka Shangani, anazitazama zile nyumba zenye taa na watoto, kisha anarudi. Siku moja nilimwuliza alikuwa anakwenda na nani. Alinishangaa kidogo, kama vile nimeuliza jambo jipya. "Na nani?" akasema. "Na miguu yangu."

Kazi yake ya kwanza hapa ilikuwa kuchambua. Korosho zinamwagwa sakafuni, wanawake wanakaa chini, mbovu huku, nzima huku. Msimu wa pili akakabidhiwa shazia, ile sindano ndefu ya kushonea magunia, pamoja na uzi wa katani, na hakuiachia mpaka mwaka jana. Ukimtazama akishona utadhani hafanyi kitu. Mkono unakwenda, macho yako kwingine, gunia limefungwa. Kwenye pembe mbili za mdomo wa gunia alikuwa anafunga masikio, yale mafundo ya mpakiaji kushikia, na masikio ya Bi. Somoe hayakumponyoka mtu hata mikono iwe na jasho. Wakati wa meli kubwa wapakiaji waligombania safu yake. Unamkuta mtu mzima na ndevu zake anaruka magunia yaliyo karibu, anakwenda kuchukua ya Bi. Somoe kule mwisho wa ghala, na nyapara Elia anampigia kelele: "We bwana! Korosho ni hizo hizo!"

Amefundisha kushona wanawake wengi, na wengi wao wako hapa leo. Mimi nilikuja mwaka 1980 nikiwa na tumbo kubwa na sijui kushika shazia. Hakunicheka. Mwanangu alipozaliwa alilala chini ya benchi juu ya magunia matupu, na Bi. Somoe alimbembeleza kwa mguu huku mikono inashona. Sijui mtu mwingine anayeweza hivyo. Mei Mosi ya 1978 alichaguliwa mfanyakazi bora wa ghala, akapewa saa ya ukutani. Alipoulizwa kama inakwenda vizuri alisema inakwenda vizuri sana, sasa chumbani kuna anayeongea.

Na wachumba walikuja, msidhani hawakuja. Wa kwanza alikuwa karani wa bandarini, mtu wa suruali yenye mstari. Alipoambiwa sharti aliona ni jepesi. Alikwenda akanunua mikorosho ya mtu, mikubwa, inayozaa tayari, akarudi na kikapu kimejaa. "Hizi hapa, mrembo. Hata kungoja sikungoja."

"Ndiyo maana," Bi. Somoe akamwambia.

Mpaka anahamishiwa Tanga karani yule hakuelewa alikosea wapi. Wa pili, mwalimu, alipanda kweli. Mvua ya kwanza alipanda, mvua ya pili akapata uhamisho wa Tunduru, na kutoka huko akatuma salamu kuuliza kama kungoja kwa mbali nako kunahesabika.

Selemani Chikoyo aliingia ghalani mwaka 1968, upande wa kupakia. Alikuwa mtu wa Kilambo, mrefu, mpole, akicheka anakohoa. Alianza kwa kugombania magunia ya Bi. Somoe kama wenzake. Baada ya muda wenzake wakaona huyu sasa hagombanii magunia, anagombania kupumzika karibu na anayeyashona. Alipoelezwa sharti hakucheka. Aliuliza, "Nipande mingapi?"

"Mmoja unatosha."

"Nitapanda kumi na miwili," akasema. "Nyani nao wapate chao, tusije tukakosana."

Alikwenda mwenyewe kwa Mzee Abdallah kuomba ardhi. Mzee sharti alikuwa halipendi, lakini kijana alimpenda, akampa pale pale alipokuwa akilima Mzee Nampota. Mvua za mwisho wa 1969 mbegu zikaingia ardhini. Kila mwisho wa wiki Selemani alidandia lori la kwenda huko, na akikosa lori alikwenda kwa miguu, akapalilia, akarudi. Vijana wa kupakia walimwita Bwana Harusi wa Mikorosho. Aliitika.

Mwaka 1974, mwaka ambao mikorosho ile ilikuwa na umri wa kuzaa, ndio ulikuwa mwaka wa Operesheni Vijiji. Watu wote wa mashamba yale walihamia kijiji kipya cha barabarani, na Mzee Abdallah akiwemo. Shamba likabaki peke yake bila wa kupalilia. Majani yakapanda, kiangazi kikaja, moto wa porini ukaingia. Selemani alipofika alikuta visiki vyeusi. Jumatatu alibeba magunia mpaka mchana. Halafu akapita kwenye benchi.

"Somoe, imeungua."

Bi. Somoe alimaliza gunia alilokuwa analishona, akalisukuma, akavuta lingine akalishona nalo mpaka mwisho. "Mvua zinakuja Desemba," akasema.

Wenzake walimshauri. Walimwambia moto umetoka kwa Mungu, kijana kapanda kwa mkono wake, kangoja, marehemu mwenyewe angekuwepo angeridhika. Yeye alikuwa na jibu moja tu: "Baba hakusema apande. Alisema nile."

Desemba Selemani akapanda kumi na miwili mingine, safari hii kwenye kipande alichogawiwa kijijini, karibu na watu, asirudie kosa. Ilikua vizuri. Ilipofika umri wa kuzaa ilitoa maua mti mzima, na Selemani alitembea ghalani kama mtu aliyeshona kanzu mpya. Halafu ukaingia ule ugonjwa wa unga mweupe ambao kila mkulima wa kwetu anaujua na hapendi kuutaja. Maua yakawa kama yamenyunyiziwa majivu, yakakauka, yakadondoka. Mwaka uliofuata hivyo hivyo. Hapa ghalani nasi tuliona, maana magunia yalipungua mpaka sauti ikawa inarudi ndani ya jengo. Ikawa ndiyo salamu ya kila msimu.

"Selemani, vipi, imeshika?"

"Haijashika."

Katika miaka hiyo yote hawakukaa pamoja. Selemani alikuwa na chumba chake upande mwingine wa mji. Ijumaa alileta samaki, Bi. Somoe akapika, wakala barazani mahali ambapo majirani wote wanaona, maana heshima ya mtu ni kitu cha kuchungwa. Giza likianza kuingia Selemani alinawa, akaaga, akaondoka, na Bi. Somoe akaosha sahani mbili akaingia ndani. Umri wa kupata mtoto ulimpita hivyo, na wote wawili waliuona ukipita. Hilo hapa ghalani hakuna aliyelisema kwa sauti. Naliandika kwa kuwa ameniambia niandike yote, na kwa kuwa mimi nina mtoto, na najua lilikuwa nini.

Mwaka 1981 wenzetu walichoka kumwonea huruma wakaamua kumsaidia. Nyapara Elia na vijana wawili wa kupakia walichota korosho nzuri kutoka kwenye lundo la daraja la kwanza, wakaenda nazo kijijini, wakazimwaga chini ya mikorosho ya Selemani, hapa chache, pale chache, kwa ustadi. Kisha Elia akapeleka habari mbio: "Bi. Somoe! Imezaa! Twende ukaone!" Tukaenda kundi zima, wengine tayari wanapiga vigelegele.

Bi. Somoe alizunguka chini ya miti, akaokota moja, akaigeuza kiganjani. Akatazama juu. Akatuangalia usoni mmoja mmoja.

"Mabibo yake yako wapi?" akauliza.

Sisi watu wa ghala tunazipokea korosho zikiwa zimekwisha kunyofolewa na kuanikwa, na katika kupanga njama ile hakuna hata mmoja aliyekumbuka kwamba korosho mtini inaning'inia chini ya bibo lake. Walimwaga korosho kavu, safi, za daraja la kwanza, chini ya mti usio na hata bibo moja. Elia alijaribu kusema huenda mabibo yameliwa na nyani. "Nyani gani huyo anayezianika?" Bi. Somoe akamwuliza. Aliziokota zote, hakuacha hata moja, akazifunga kwenye upande wa khanga yake, akazirudisha ghalani akazimwaga kwenye lundo. "Mali ya umma hii," akasema, akavuta gunia. Selemani alicheka siku ile mpaka akakaa chini.

Lakini Ijumaa iliyofuata, walipokuwa wanakula, Selemani alimwuliza jambo, na alipouliza hakuwa anacheka. "Somoe, wangekumbuka mabibo, ungekula?"

Akamwongezea samaki. Aliniambia mimi, miezi mingi baadaye, kwamba alitamani wangekumbuka.

Mwaka jana, mwezi wa Agosti, Selemani alivimba miguu, kisha tumbo, pumzi ikawa inamwishia akisema maneno matatu. Alilazwa hospitali. Bi. Somoe alikwenda na uji, na muuguzi akamwuliza kwa adabu, kama anavyoulizwa kila mtu, "Mama, wewe ni nani wake?"

Bi. Somoe alisimama na chupa ya uji mkononi. "Nafanya naye kazi," akasema. Hakuwa na jina lingine la kusema.

Siku chache baadaye daktari alisema dawa zilizobaki anaweza kuzinywa akiwa nyumbani. Ndipo walipofika wapwa zake wawili kutoka Kilambo, watoto wa dada yake, kumchukua. Hawakuwa na ubaya wowote. Ndiyo desturi, na ni haki yao. Yule mkubwa alisema, "Mjomba tunarudi naye. Hapa hana mke, atauguzwa na nani?"

Hapo ndipo Bi. Somoe alipoona, ameniambia, kwamba sharti lililowekwa ili mume asiondoke ndilo sasa linamwondoa. Aliwaomba wale vijana wamngojee siku mbili. Akapanda lori kwenda Msimbati kwa baba mdogo Salumu. Mzee Abdallah alikuwa ameshafariki, na kwa sheria ya dini mwenye kumwozesha ni wa upande wa baba, naye alikuwa amebaki mmoja tu: mzee huyo huyo aliyekaa kando ya kitanda akasikia yale maneno.

Alimkuta anasuka ugo wa makuti wa kuzungushia nyumba. Alimweleza kila kitu amesimama.

"Kwa hiyo mti umezaa?" mzee akauliza.

"Haujazaa, baba mdogo."

"Umekula nini basi?"

"Sijala kitu."

"Somoe. Maneno ya kaka yangu niliyasikia kwa masikio haya. Mimi ndiye shahidi. Leo unataka mimi huyu huyu nikuozeshe kinyume chake?"

"Ndiyo, baba mdogo."

"Na yeye, nani atamjibu?"

"Mimi. Nimemtii toka nywele zangu nyeusi. Nikifika kwake nitamwambia mwenyewe, kwamba huyu hakuondoka. Aliunguliwa hakuondoka, maua yakadondoka hakuondoka, sasa anachukuliwa. Akitaka kunikasirikia, anikasirikie nikiwa mke wa mtu."

Mzee aliuweka ugo chini, akatafuta kofia yake. "Mtaelewana huko huko wenyewe," akasema. "Mimi msinitie katikati. Lori linarudi saa ngapi?"

Ndoa ilifungwa Ijumaa, chumbani kwa Bi. Somoe, baada ya swala. Tulikuwa wachache kwa sababu chumba ni kidogo. Sukari ilikuwa haipatikani mjini, ila Elia alikuja na mfuko mdogo, na hakuna aliyemwuliza umetoka wapi. Selemani aliegemezwa kwenye mito miwili na gunia lililojazwa pamba mwitu, amevaa kanzu ya kuazima iliyombana mikono. Sheikh alipofika kwenye mahari aliuliza ni nini.

"Mikorosho kumi na miwili," Selemani akasema.

"Inazaa?"

"Haizai, sheikh."

Sheikh alimtazama mzee Salumu, mzee Salumu akatazama dari. Ikabidi amwulize mwenyewe bibi harusi, nyuma ya pazia, kama ameridhika na mahari hayo.

"Nimeridhika," Bi. Somoe akasema, kwa sauti tuliyoisikia wote mpaka nje.

Wapwa wa Selemani walirudi Kilambo bila mgonjwa. Yule mkubwa alipomuaga Bi. Somoe alimwita mkaza mjomba, jina la mke wa mjomba, na Bi. Somoe ameniambia kwamba alitaka kumwomba alirudie. Bi. Somoe alichukua likizo yake yote iliyobaki. Alimwosha, alimlisha, alimgeuza. Walizungumza sana, mambo ya bure bure, nani alimwangusha nani na gunia mwaka gani. Selemani alikuwa akiamka anauliza, "Upo?" na Bi. Somoe anasema, "Nipo." Alifariki katikati ya Septemba, mchana, mke wake akiwa amemshika kichwa.

Msiba ulikuwa kwake. Wapwa walipofika walimwuliza yeye marehemu azikwe wapi, na walimzika alipotaja. Alivaa nguo za eda, akaingia ndani, na sisi wanawake wa ghala tukawa tunakwenda kwa zamu kukaa naye. Niliona jambo ambalo nataka liandikwe. Nilipokwenda kumpa pole nilikuwa nimebeba maneno mengi ya kumliwaza. Akanipokea mkono akasema, "Ahsante, mwanangu. Leo unanipa pole mimi." Nikaelewa. Kama asingekwenda Msimbati, Selemani angefia Kilambo, habari zingefika hapa baada ya wiki, na yeye angekaa kwenye benchi anashona, na hakuna ambaye angejua ampe nani pole.

Tarehe yake ya kustaafu ilipita akiwa ndani. Elia alikwenda akasimama mlangoni akamtangazia kwa sauti, kupitia pazia, kwamba kuanzia kesho yeye si mtumishi wa ghala. Kutoka ndani akajibiwa, "Nimesikia, nyapara. Na wewe uache kuwatukana wapakiaji."

Eda imekwisha mwezi uliopita. Juzi nilimpeleka kijijini kuona mahari yake. Mikorosho ipo, imekuwa mikubwa, vivuli vimeungana. Nilimwuliza kama ataipulizia salfa kama wanavyoshauri mabwana shamba. Alisema atapalilia kwanza, na mambo ya kuzaa si haraka yake tena.

Bi. Somoe, kwa niaba ya wafanyakazi wote wa ghala, waliopo na waliotangulia, tunakushukuru. Tunakushukuru kwa mikono yako na kwa wote uliowafundisha. Wapakiaji wameniomba niandike kwamba tangu Septemba masikio ya magunia yanaponyoka. Nafanya bidii.

Kwa upande wangu naongeza jambo moja ambalo tawi halikunituma. Chumba kile kina kimya kingi mno kwa mtu mmoja. Ijumaa nitakuja na mwanangu, na samaki tutanunua sisi. Ijumaa nyingine wenzetu wamekwisha kupangana, Elia pia yumo, mvumilie. Hatukuagi kwa kukuacha. Tunakutakia siku ndefu zenye afya, sufuria lisilopungua, na hodi nyingi mlangoni mpaka uchoke kuitikia karibu.

Mwanaisha Litembo
Mshonaji, ghala la korosho, Mtwara